Meno bandia laini yana faida, lakini si dawa ya kila pengo

Mtu anapong'olewa jino, jambo linalomshughulisha kwanza aghalabu ni sura yake: atacheka vipi, atazungumza vipi mbele za watu. Hata hivyo, mabadiliko makubwa zaidi hutukia mahali ambapo jicho halifiki. Mfupa wa taya uliokuwa umelishikilia jino hilo huanza kupungua, na meno jirani huweza kuinama polepole kuelekea kwenye pengo.

Ndiyo sababu uteuzi wa meno bandia si suala la urembo pekee. Kinachovaliwa mdomoni leo huchangia kuamua ni meno mangapi ya asili yatakayosalia miaka kumi baadaye.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), takriban asilimia 7 ya watu waliotimu umri wa miaka 20 na zaidi ulimwenguni hawana hata jino moja. Miongoni mwa waliofikisha miaka 60 na zaidi, vibogoyo ni asilimia 23. Wengi zaidi ni wale waliopoteza jino moja, mawili au matano, na ambao bado wana meno yao mengine ya kulinda.

Ni kundi hili hasa linalolengwa na biashara ya meno bandia yanayoitwa "laini" au "ya silikoni". Husifiwa kuwa ni mepesi, hayaumizi ufizi na hayana waya wa chuma unaoonekana mvaaji anapotabasamu. Sifa hizo zina ukweli ndani yake. Lakini kizuri hakikosi ila, na ila ya meno haya imo katika ulaini ule ule unaosifiwa.

Jina lisilo lake

Kwanza, jina lenyewe hupotosha. Silikoni halisi ni laini mno. Haiwezi kuwa bamba la kubebea meno ya kutafunia. Yale yanayouzwa kwa jina la silikoni aghalabu hutengenezwa kwa nailoni, malighafi ya jamii moja na ile inayotumiwa kutengeneza nyuzi za nguo na nyavu za wavuvi.

Nailoni si uvumbuzi wa juzi katika fani hii. Akriliki, ambayo ni plastiki ngumu, ilianza kutumiwa katika meno bandia katika miaka ya 1930, ikachukua nafasi ya mpira mgumu uliokuwa ukitumika tangu karne ya 19. Nailoni ilifuata katika miaka ya 1950. Ile ya mwanzo ilifyonza maji, ikabadilika rangi na kukwaruzika upesi. Aina za siku hizi zimeboreshwa, ingawa kasoro hizo hazijaisha kabisa.

Utengenezaji wake pia ni tofauti. Daktari huchukua kipimo cha kinywa, kisha fundi wa maabara hutengeneza mfano wa taya na kalibu yake. Nailoni huyeyushwa kwa joto linalopita nyuzi 250 za Selsiasi na kusukumwa ndani ya kalibu kwa shinikizo. Kwa kuwa nailoni haigandamani na meno ya plastiki, fundi hulazimika kutoboa vitundu katika meno hayo ili nailoni ipenye na kuyashika.

Faida zake

Faida ya kwanza ni mwonekano. Meno bandia ya kawaida ya mtu aliyesaliwa na meno mengine hushikiliwa kwa kulabu za chuma zinazokumbatia meno ya asili. Kulabu hizo zikiwa upande wa mbele, huonekana. Kulabu za nailoni hutengenezwa kwa malighafi ile ile ya bamba, zenye rangi ya waridi inayopenyeza mwanga, hivyo hufanana na ufizi.

Pili, nailoni haivunjiki kwa urahisi. Meno ya akriliki yanaweza kupasuka yakianguka kwenye sakafu ya saruji au karo la kunawia, ilhali ya nailoni hupinda na kurejea katika umbo lake.

Tatu, kuna watu ambao miili yao haipatani na chuma au na kemikali inayosalia katika akriliki. Vinywa vyao huwasha na kuwa vyekundu. Kwa watu hao, nailoni ni njia ya kuepuka mateso.

Zaidi ya hayo, bamba lake huweza kuwa jembamba na jepesi, na mvaaji mpya hulizoea mapema.

Ulaini unapogeuka mzigo

Ili kuelewa kasoro yake, yafaa kujua nguvu ya kutafuna huenda wapi. Jino la asili limesimama juu ya mzizi uliozama katika mfupa. Meno bandia mazuri ya chuma na akriliki huwa na vishikizo vidogo vya chuma vinavyoegemea juu ya meno yaliyosalia, kama boriti inavyoegemea nguzo. Mtu anapouma, sehemu ya uzito hubebwa na meno hayo imara badala ya kuuelemea ufizi wote.

Meno ya nailoni kwa kawaida hayana vishikizo hivyo. Kila anapotafuna, bamba hupinda na kuzama kidogo katika ufizi. Mvaaji huenda asihisi maumivu, kwani ndiyo maana ya ulaini. Lakini mgandamizo unaorudiwa kila mlo, mwaka baada ya mwaka, unaweza kuharakisha kupungua kwa mfupa. Kulabu zake pana nazo hufunika ukingo wa ufizi, mahali ambapo mabaki ya chakula hujificha na kuwaumiza watu wenye maradhi ya fizi.

Mwaka 2014, chama cha wataalamu wa meno bandia nchini Japani, ambako meno yasiyo na kulabu za chuma yamependwa sana, kilitoa msimamo kuhusu suala hili. Wataalamu hao walishauri kwamba meno laini yasiyo na sehemu yoyote ya chuma yasitumiwe kama tiba ya kudumu kwa kila mtu, bali yatengewe hali maalumu, mathalani wagonjwa wenye mzio wa chuma. Kwa wengine, walishauri nailoni iunganishwe na vishikizo vya chuma.

Kasoro nyingine huhusu mfuko. Mfupa unapopungua, meno bandia huanza kulegea na hulazimika kurekebishwa upande wa ndani. Ya akriliki hurekebishwa kwa urahisi, na mtu akipoteza jino lingine, huongezwa kwenye bamba lile lile. Nailoni ni ngumu kurekebisha. Mara nyingi mgonjwa huambiwa atengenezewe mapya. Anayelinganisha bei anapaswa kuhesabu gharama hiyo pia.

Mahali pa silikoni halisi

Silikoni yenyewe ina kazi yake ya heshima. Hutumiwa kama bitana: tabaka laini la unene wa milimita 2 hivi, linalowekwa upande wa ndani wa meno bandia magumu, palipo na ufizi.

Hufaa zaidi kwa kibogoyo ambaye taya lake la chini limebaki na mfupa mwembamba na wenye makali, kiasi kwamba kila anapotafuna huumia. Taya la chini ndilo huathirika zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1972, uliowafuatilia watu waliovaa seti nzima za meno bandia kwa miaka 25, ulionyesha kwamba mfupa wa taya hilo ulipungua takriban mara nne zaidi ya wa taya la juu.

Katika mpango huu, bamba gumu husambaza uzito na bitana hupunguza makali yake. Bitana hiyo haidumu milele. Huchakaa, huweza kubanduka kingoni na kuota kuvu, na hivyo huhitaji kukaguliwa na kubadilishwa mara kwa mara.

Yanamfaa nani?

Meno ya nailoni yanaweza kumfaa mtu aliyepoteza meno machache, hasa ya mbele, na ambaye meno yaliyosalia pamoja na fizi zake ni vizima. Yanamfaa pia anayesubiri kidonda kipone kabla ya kuwekewa meno ya kudumu, na mwenye mzio.

Hayamfai sana mtu aliyepoteza magego yote ya pande mbili, kwa sababu hapo ndipo nguvu ya kutafuna huwa kubwa na bamba halina jino la kuegemea nyuma. Si chaguo zuri pia kwa seti nzima ya taya la chini, wala kwa mwenye maradhi ya fizi ambayo hayajatibiwa.

Njia nyingine ni pamoja na daraja linalofungwa kwenye meno jirani, ambalo huhitaji meno hayo kuchongwa, na vipandikizi vya titani vinavyokitwa katika mfupa. Vipandikizi ndivyo hukaribia zaidi jino la asili, lakini huhitaji upasuaji, mfupa wa kutosha na fedha nyingi.

Aidha, si kila pengo lazima lizibwe. Utafiti uliofanywa Uholanzi kuanzia miaka ya 1980 ulionyesha kuwa watu wengi hutafuna vyema wakisalia na meno takriban 20 yanayokutana vizuri juu na chini. Pengo pia halikuwa aibu kila mahali: miongoni mwa Waluo wa vizazi vilivyopita, meno sita ya mbele ya taya la chini yaling'olewa kwa mujibu wa mila, nao Wamaasai waling'oa mawili.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari: Meno haya ni ya malighafi gani hasa, nailoni au akriliki yenye bitana ya silikoni? Uzito wa kutafuna utabebwa na nini, meno yangu au ufizi? Yakilegea au nikipoteza jino lingine, yatarekebishika, na kwa gharama gani? Yanakusudiwa kuwa ya muda au ya kudumu?

Daktari anayeijua kazi yake hatachukizwa na maswali hayo. Nchini Kenya, mtu pia anaweza kuhakikisha kwamba anayemhudumia amesajiliwa na kupewa leseni na baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno (KMPDC). Anayetengeneza meno bila kukagua kwanza fizi na meno yaliyosalia anafaa kuepukwa.

Utunzaji

Yawe laini au magumu, meno bandia huhitaji kuoshwa kila siku kwa mswaki laini na sabuni isiyo kali. Dawa ya meno yenye chembechembe huyakwaruza, na maji yanayochemka huyapotosha umbo. Usiku yavuliwe na kulazwa katika maji safi.

Agizo la kuyavua usiku si la kupuuzwa. Uchunguzi uliofanyiwa wazee 524 nchini Japani na kuchapishwa mwaka 2015 uligundua kuwa waliolala na meno bandia mdomoni walikabiliwa na hatari ya kuugua nimonia takriban mara mbili zaidi ya waliyoyavua.

Mvaaji amwone daktari angalau mara moja kwa mwaka, hata kama haumwi. Kwa anayevaa meno laini ushauri huu una uzito zaidi, kwani ufizi na mfupa vinaweza kuwa vinaathirika bila maumivu ya kumtahadharisha.