Kombe la Mataifa ya Afrika 1957

Kombe la Mataifa ya Afrika 1957 lilikuwa shindano la kwanza la mpira wa miguu kwa timu za taifa za bara la Afrika. Lilifanyika mjini Khartoum, Sudan, kuanzia tarehe 10 hadi 16 Februari 1957. Bingwa alikuwa Misri. Zilicheza timu tatu tu katika mechi mbili, idadi ndogo kuliko zote katika historia ya kombe hilo.

Kuanzishwa

Mpango wa kuunda shirikisho la Afrika ulijadiliwa mwezi Juni 1956 na wajumbe wa Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini waliohudhuria mkutano mkuu wa FIFA mjini Lisbon, Ureno. Wakati huo sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa bado chini ya ukoloni. Sudan ilikuwa imepata uhuru tarehe 1 Januari 1956, na Ghana ilipata wake siku 18 baada ya fainali ya Khartoum.

Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika (CAF) liliundwa Khartoum tarehe 8 Februari 1957, siku mbili kabla ya mechi ya kwanza. Rais wake wa kwanza, Abdel Aziz Abdallah Salem wa Misri, ndiye aliyetoa kombe, nalo likaitwa kwa jina lake.

Suala la Afrika Kusini

Ratiba ilikuwa na nusu fainali mbili: Sudan dhidi ya Misri, na Ethiopia dhidi ya Afrika Kusini. Kutokana na siasa ya ubaguzi wa rangi (apartheid), mjumbe wa Afrika Kusini, Fred Fell, alieleza kwamba nchi yake ingeweza kuleta timu ya Wazungu watupu au ya Waafrika watupu, lakini si timu ya mchanganyiko. Wajumbe wengine walikataa, na Afrika Kusini haikushiriki. Hivyo Ethiopia iliingia fainali bila kucheza mechi yoyote.

Mechi

Katika nusu fainali Misri iliifunga Sudan mabao 2-1. Raafat Attia wa Misri alifunga bao la kwanza katika historia ya kombe hilo, kwa mkwaju wa penalti.

Fainali ilichezwa tarehe 16 Februari. Misri iliishinda Ethiopia 4-0, na mabao yote manne yalifungwa na mchezaji mmoja, Mohamed Diab El-Attar, aliyejulikana kama Ad-Diba. Alimaliza akiwa mfungaji bora kwa mabao matano. Baadaye akawa mwamuzi, na mwaka 1968 alichezesha fainali ya kombe hilohilo mjini Addis Ababa.

Baada ya mashindano

Kombe la Salem lilichukuliwa moja kwa moja na Ghana mwaka 1978, baada ya kushinda mara ya tatu.

Afrika Kusini ilisimamishwa na FIFA mwaka 1961, ikafukuzwa mwaka 1976 na kurudishwa mwaka 1992. Mashindano ya mwaka 1996 yalikuwa yamepangiwa Kenya, lakini yakahamishiwa Afrika Kusini. Tarehe 3 Februari 1996, mjini Johannesburg, timu yenye wachezaji weusi na weupe iliifunga Tunisia 2-0 kwa mabao ya Mark Williams. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Afrika Kusini kucheza mashindano ambayo ilishiriki kuyaasisi miaka 39 kabla.