Mafuta Mekundu na Mafuta ya Kijani

Msomaji, ukitoka katikati ya Nairobi kuelekea mashariki kwa Barabara ya Jogoo, utapita mitaa ambayo majina yake yenyewe ni historia: Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Mbotela. Mitaa hiyo ilijengwa zamani za ukoloni iwe makazi ya Waafrika waliofanya kazi za reli, za manispaa na za viwanda, kwa kuwa upande wa magharibi wa mji haukuwa wao kuukaa. Watu walioshinda kutwa wakikaza nati katika karakana za wengine walirudi jioni na ujuzi mikononi mwao, wakamrithisha kijana wa jirani. Ufundi huo ukaota mizizi chini ya jua kali, hata jua lenyewe likawa jina la kazi. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti juu ya Kenya iliyowatetea mafundi wa namna hii, ikisema kwamba wanazalisha mali, nao badala ya kusaidiwa wanasumbuliwa. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwazuru mafundi wa Kamukunji, akaagiza wajengewe vivuli.

Magari yaliyopita mikononi mwa mafundi hao ni ya kila namna, lakini hapa natutazame moja tu: gari la michezo lililokwisha kuzeeka. Chukua Toyota Celica. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kati ya 1984 na 1995 ushindi wake ulitwaliwa na Celica mara 8. Mwaka 1994 aliyeushika usukani wake hadi ushindini alikuwa Mkenya, Ian Duncan. Si ajabu basi kwamba vijana wa siku zile walilitamani gari hilo. Celica za wakati ule zilizosalia sasa ni wazee, na uzee huonekana kwanza viungoni. Usukani huwa mzito, hulia kila gari linapokata kona, na asubuhi chini ya pua ya gari huonekana tone.

Usukani wa gari hilo haugeuzwi kwa mikono ya dereva peke yake. Injini huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta, na mafuta husukuma pistoni iliyomo katika reki inayogeuza magurudumu. Dereva anapozungusha usukani gari likiwa limesimama, shinikizo la mafuta katika mipira yake laweza kupita mara 30 lile la hewa iliyomo ndani ya tairi. Baba wa fikra hii ni Mmarekani Francis Davis, mhandisi wa kampuni ya Pierce-Arrow, aliyeona jinsi madereva wa malori walivyotaabika. Kufikia mwaka 1926 alikuwa na gari lililogeuka kwa nguvu za mafuta. Hata hivyo dunia ilingoja miaka 25, mpaka Chrysler ilipouza magari ya kwanza ya abiria yenye usukani wa namna hiyo mwaka 1951.

Mafuta gani yatiwe humo? Wahandisi waliyachukua yaliyokuwa karibu. Mwaka 1949 General Motors ilikuwa imetoa kanuni ya mafuta ya giaboksi za otomatiki, na kwa kuwa mafuta hayo ni mepesi, huvumilia joto na hayatoi povu upesi, yalifaa usukani pia. Baadaye kanuni hiyo ikapewa jina la Dexron. Lakini sikiliza jambo ambalo wengi wanaoyamimina hawajapata kulisikia. Ili giaboksi ibadilishe gia pasipo kushtuka, mafuta ya awali yalichanganywa na mafuta yaliyotolewa katika kichwa cha nyangumi. Mnyama aliyezama kina kirefu cha bahari kutafuta ngisi alikuwa akichinjwa ili gari la mtu asiyepata kuiona bahari liende kwa ulaini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ilipiga marufuku biashara hiyo, na wakemia wakalazimika kubuni kitu badala yake. Jina Dexron likabaki, yaliyomo yakabadilika, ndipo zikaja Dexron ya II na ya III.

Kwa hiyo, msomaji, usimwamini anayekuambia, «Tia mafuta mekundu, yote ni mamoja.» Wekundu ni rangi iliyotiwa tu, wala haikuambii yaliyomo. Honda hutaka mafuta yake yenyewe katika usukani, na inayakataa yale ya giaboksi. Magari mengi ya Kijerumani ya miaka ya karibuni hutumia mafuta ya kijani yaliyotengenezwa kiwandani kwa namna nyingine kabisa. Kosa la kuyachanganya halionekani siku ile ile. Mafuta yasiyopatana na mipira izuiayo uvujaji, ambayo mafundi huiita sili, huivimbisha au huikausha polepole, na mwenye gari hujua siku reki nzima inapotaka kubadilishwa.

Wafaransa walilijua hilo kwa gharama. Citroën DS, iliyotolewa mwaka 1955, iliendesha usukani, breki na springi zake kwa mfumo mmoja wa mafuta. Mafuta yale yalikuwa na tabia ya kunywa unyevu wa hewa, na chuma kikashika kutu kwa ndani. Mwaka 1966 kampuni ikaanza kuleta mafuta mapya ya madini, ya kijani, pamoja na sili mpya zinazopatana nayo, na vyombo vya mfumo mpya vikapakwa rangi ya kijani ili fundi asikosee. Kwa maoni yangu, rangi haijapata kutumika kwa busara zaidi katika karakana.

Turudi kwa Celica yetu. Kitabu chake kinataka Dexron ya II au ya III. Nunua kopo lenye muhuri usiovunjwa, lenye jina hilo juu yake. Mafuta yanayopimwa kutoka katika chupa isiyo na karatasi yaache, hata yakiwa rahisi. Inua magurudumu ya mbele kwa jeki, ukitie chuma cha kushikilia chini ya gari. Fungua mpira unaorudisha mafuta katika kopo la usukani, uelekeze ndani ya debe, kisha injini ikiwa imezimwa mtu azungushe usukani upande huu na upande huu. Yatatoka meusi, yenye harufu ya kuungua. Rudisha mpira, jaza mafuta mapya, zungusha tena mara nyingi kabla ya kuwasha injini ili hewa itoke. Mapovu katika kopo ni hewa iliyobaki. Injini ikiwaka, usiushikilie usukani mwisho wa mzunguko zaidi ya nukta chache, maana hapo pampu husukuma ukuta na kujichoma yenyewe.

Yale meusi ya debeni yatiwe ndani ya dumu na kupelekwa kwa wanaokusanya mafuta machakavu. Mtaro wa Eastlands hauna kwingine pa kwenda ila Mto Ngong na Mto Nairobi, na maji hayo huungana na Athi, ambao huitwa Galana, kisha Sabaki, ukiingia baharini karibu na Malindi.

Usiku tandaza karatasi nyeupe chini ya injini. Asubuhi, tone jeusi ni la injini. Tone jekundu ni la usukani au la giaboksi, na ndiyo sababu mafuta hayo yalitiwa rangi.