Waya wa ardhi: ulinzi wa nyumba, jiko la nje na kanisa

Tarehe 30 Oktoba 2005, katika mji wa Waco, jimbo la Texas, Marekani, mchungaji Kyle Lake aliingia katika maji ya ubatizo, akanyosha mkono kushika maikrofoni, na umeme ukamuua. Alikuwa na miaka 33. Leo makanisa yetu mengi yana jenereta na vipaza sauti, na nyumba zetu zina frigo na pasi. Kwa hiyo tunaeleza hapa kile ambacho kila mwenye nyumba na kila shemasi anapaswa kujua.

Kazi ya waya wa ardhi

Umeme wa volti 220 huja kwa waya wa fazi na kurudi kwa waya wa nyutro. Waya wa tatu, wa rangi ya kijani na njano, mafundi wetu wanauita tere. Siku za kawaida haubebi kitu. Fazi ikichubuka ndani ya frigo na kugusa bati lake, waya huo unapeleka umeme ardhini, mpaka kwenye piketi iliyochimbiwa chini.

Lakini piketi peke yake haitoshi. Ikiwa ukinzani wake ni omu 100, umeme unaovuja hauzidi ampea 2.2. Dijonkteri ya ampea 16 haitaona kitu, na bati la frigo litabaki na umeme. Ndiyo sababu inahitajika diferansieli ya miliampea 30: inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifika hapo inakata chini ya theluthi moja ya sekunde.

Kuunganisha vyuma

Hatari huja mtu anapogusa vitu viwili visivyo sawa: mkono mmoja kwenye maikrofoni, miguu ndani ya maji. Bomba la chuma, nondo za kisima cha ubatizo, kuta na paa la mabati, vyote vifungwe pamoja kwa waya na kuunganishwa na tere. Hapo vinakuwa na volti moja. Katika nyumba ya mabati, waya mmoja uliochubuka unaweza kutia umeme nyumba nzima, hata waya wa kuanikia nguo uliofungwa kwenye paa.

Udongo wetu

Udongo wa mfinyanzi wenye unyevu hupokea piketi ya mita 2 bila shida. Goma ni jambo lingine: mawe ya volkano hayapenyeki, na ni makavu. Anayejenga alaze waya mtupu wa shaba wa milimita mraba 25 chini ya msingi, kuzunguka nyumba, kabla ya kumwaga beto. Chumvi inayomwagwa kwenye shimo huoshwa na mvua, tena hula chuma.

Majengo ya nje

Waya unaokwenda jikoni, bafuni au kwenye banda la kuku uwe na nyuzi tatu, si mbili. Kama jengo liko mbali, lipewe piketi yake na diferansieli yake. Fundi asifunge kamwe tere kwenye nyutro ndani ya priza: siku nyutro itakapokatika, kila chuma kitabeba volti 220.

Ya kukagua

- Bonyeza kitufe cha jaribio cha diferansieli kila mwezi. Isipokata, ibadilishwe. Kitufe hicho hakipimi piketi. Fundi aipime kwa kifaa, hasa wakati wa kiangazi.
- Ukihisi mchonyoto kwenye frigo au maikrofoni, zima umeme na kumwita fundi. Kuvaa kandambili si dawa.
- Wakati wa ubatizo, maikrofoni ya waya isikaribie maji.
- Mtu akinaswa, usimguse. Kata umeme kwanza.

Torati iliagiza mwenye nyumba kujenga ukingo juu ya paa, ili damu ya mtu isiwe juu ya nyumba yake (Kumbukumbu la Torati 22:8). Bei ya piketi na diferansieli ihesabiwe pamoja na mabati na saruji, tangu siku ya kwanza ya ujenzi.