Skageflå: shamba la Norwe lililo ubavuni mwa mlima

Tukisikia Norwe, wengi wetu hufikiria mafuta na theluji. Leo tunawapeleka shambani, mahali panapoitwa Skageflå, magharibi mwa nchi hiyo.

Liko wapi?

Skageflå liko kwenye sehemu ndogo tambarare ubavuni mwa mlima, kiasi cha meta 250 juu ya maji ya Geirangerfjord. Fjord ni mkono mwembamba wa bahari uliopenya kati ya milima mirefu. Barabara ya gari haifiki shambani. Wageni wengi huenda kwa boti, kisha hupanda kwa miguu njia yenye mwinuko mkali.

Kwa nini watu waliishi huko?

Ardhi inayolimwa Norwe ni kama asilimia 3 tu ya nchi. Huko juu kulikuwa na majani mazuri, na wenyeji walifuga mbuzi. Majira ya joto walikata majani, wakayakausha na kuyaweka akiba, kwa sababu wakati wa baridi theluji hufunika malisho.

Maisha yalikuwa ya hatari. Inasimuliwa kwamba katika mashamba ya aina hii watoto wadogo walifungwa kamba wasianguke genge. Husimuliwa pia kwamba mtoza kodi alipoonekana akija Skageflå, ngazi ya njiani ilivutwa juu!

Kwa nini walihama?

Wakazi wa mwisho waliondoka mwaka 1916. Ng'ambo ya maji, shamba la Knivsflå lilikuwa limeshahamwa kwa hofu ya mawe yaliyoning'inia juu ya nyumba. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Aprili 1934, mwamba mkubwa uliporomoka majini huko Tafjord, katika eneo hilohilo. Mawimbi yake yaliua watu 40.

Hali ikoje leo?

Chama cha kujitolea, Storfjordens Venner, kilichoanzishwa mwaka 1975, kinatunza mashamba hayo ya zamani. Mwaka 1993, Mfalme Harald na Malkia Sonja walisherehekea miaka 25 ya ndoa yao Skageflå. Mwaka 2005 UNESCO iliiweka Geirangerfjord katika orodha ya urithi wa dunia.

Lakini hatari ingalipo. Karibu na hapo, mlima wa Åknes una ufa unaozidi kupanuka. Vipimo huufuatilia usiku na mchana, ili watu wa vijiji vya chini waonywe mapema na kukimbilia mwinuko. Wazee wao walitegemea macho na masikio tu.