Historia ya Kupima Kumbukumbu ya Kompyuta

Aghalabu hudhaniwa kwamba kompyuta ilibuniwa kwa ajili ya hesabu, na kwamba haja ya kuipima kumbukumbu yake ilikuja baadaye, mitambo ilipoanza kuchakaa. Historia yaonyesha kinyume. Katika Chuo Kikuu cha Manchester, F. C. Williams na Tom Kilburn walikuwa wamepata njia ya kuhifadhi alama za umeme juu ya uso wa bomba la kioo, mfano wa lile la televisheni za zamani. Kufikia mwisho wa mwaka 1947 alama hizo ziliweza kudumu kwa saa kadhaa. Lakini kudumu kwa alama zilizotulia si ithibati kwamba zitadumu zikiandikwa na kusomwa kwa kasi ya hesabu. Na kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kuzisumbua kwa kasi hiyo, Kilburn na Geoff Tootill wakakijenga. Tarehe 21 Juni 1948 chombo hicho kilifanya kazi kwa dakika 52, kikitafuta namba kubwa kuliko zote inayoigawa 262,144 bila baki, mbali na hiyo yenyewe. Jibu lilikuwa 131,072. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa kompyuta ya kwanza kuendesha programu iliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu yake: ilizaliwa kuwa kipimo. Marekani nako, katika chuo cha MIT, kompyuta nzima ilijengwa ili kujaribu kumbukumbu ya vipete vya sumaku, na mwaka 1953 kumbukumbu hiyo ikahamishiwa katika mashine iitwayo Whirlwind.

Kwa mtaalamu wa lugha, uzito wa jambo hili waonekana katika herufi moja. Katika kompyuta herufi p ni namba 112 na t ni 116, na tofauti yao ni biti moja tu, yaani sifuri moja iliyogeuka kuwa moja. Biti hiyo ikipinduka, paa huwa taa, na paka huwa taka. Hakuna kisahihishi cha tahajia kitakacholalamika, maana taa ni neno halali. Wanakili wa miswada ya kale nao walikosea, lakini makosa yao yana desturi: mnakili huruka mstari, au huchanganya herufi kama ba na ta za Kiarabu, ambazo hutofautiana kwa nukta, mhakiki mzoefu aweza kumfuata nyayo. Biti iliyopinduka haina desturi ya namna hiyo. Haijui umbo la herufi wala sauti yake.

Kumbukumbu itumikayo siku hizi hutokana na ubunifu wa Robert Dennard wa kampuni ya IBM, aliyepata hataza yake mwaka 1968. Kila biti ni chaji ndogo ya umeme, nayo huvuja. Katika aina za DDR3 na DDR4 hudiriwa kuandikwa upya, kwa kawaida kila milisekunde 64. Katika miaka ya 1978 na 1979, May na Woods wa kampuni ya Intel walieleza kwamba biti zaweza kupinduliwa na chembe za alfa zitokazo katika madini ya urani na thori, yaliyomo kwa uchache mno katika vifuniko vya chipu zenyewe. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 iliongeza biti ya tisa kwa kila nane ili kosa ligundulike. Katika miaka ya 1990 wauzaji wengi waliiondoa biti hiyo ili kupunguza bei, na mtumiaji akaachwa bila mlinzi.

Hapo ndipo programu huria ilipoingia. Chris Brady alitunga Memtest86 mwaka 1994, akaitoa kwa leseni ya umma ya GNU. Haikuendeshwa ndani ya mfumo wowote. Ilianza peke yake kompyuta ilipowashwa, kwa sababu mfumo ukiwapo umekwisha kukalia sehemu ya kumbukumbu, na iliyokaliwa haipimiki. Hata mahali ilipokaa yenyewe ilipahama, kisha ikapapima. Mojawapo ya njia zake ni kuijaza kumbukumbu kwa mchoro wa sifuri na moja, kupita toka anwani ya chini hadi ya juu ikisoma kila mahali na kuandika kinyume chake papo hapo, halafu kurudi toka juu hadi chini vivyo hivyo. Kwa njia hiyo kila seli hupimwa huku jirani zake zikibadilika.

Faida yake haikuwa bei tu. Mnunuzi aliyeambiwa kwamba kosa ni la programu zake aliweza kuonyesha anwani ileile ikikosea mara kwa mara, na yeyote aliweza kuyasoma maagizo ya programu ili ajue ushahidi umepatikanaje. Hata hivyo ushahidi huo una mipaka: kosa laweza kutoka katika prosesa au katika umeme hafifu, na kupita jaribio si dhamana ya uzima. Mwaka 2014 Yoongu Kim na wenzake walionyesha kwamba kusoma safu moja mfululizo kwaweza kupindua biti za safu ya jirani. Katika vibao 129 walivyojaribu, 110 vilikosea.

Memtest86 ilipokaa bila marekebisho tangu mwaka 2002, Samuel Demeulemeester alianzisha tawi lake, Memtest86+, mwaka 2004. Mwaka 2013 ile ya asili ilichukuliwa na kampuni ya PassMark, na kuanzia toleo la tano maagizo yake yakafungwa. Tawi huria nalo lilidorora kwa miaka kadhaa, likafufuka mwaka 2022 kwa toleo la sita, lililojengwa juu ya kazi ya Martin Whitaker.

Ugumu uliopo sasa ni wa namna nyingine. Chipu za DDR5 husahihisha zenyewe, ndani kwa ndani, kosa la biti moja kabla data haijatoka nje. Programu ya kupima husoma jibu safi, na seli iliyodhoofika haijulikani mpaka biti ya pili ipinduke.