Waungwana wa Unguja na Mitumbwi Iliyopotea katika Maporomoko ya Kongo, 1877

Katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, anaeleza jinsi alivyomsindikiza Henry Morton Stanley kutoka Nyangwe mwaka wa 1876, akiufuata mto Lualaba kuelekea kaskazini, na jinsi walivyoagana. Baada ya kuagana maelezo yake juu ya safari hiyo yanakatika, kwa kuwa yeye alirudi na watu wake, na walioendelea mbele ni wale waliopanda mitumbwi. Hivyo sehemu ya safari iliyopoteza vyombo vingi na watu wengi majini haina shahidi aliyeiandika kwa Kiswahili, ijapokuwa karibu wote waliokuwamo mitumbwini walisema Kiswahili. Kilichobaki ni kitabu cha Stanley, *Through the Dark Continent*, kilichotolewa mwaka wa 1878, pamoja na shajara zake zilizochapishwa mwaka wa 1961. Mwenye kutaka kujua habari za mabaharia hao hana budi kuyasoma maandishi hayo kwa hadhari, akitafuta ndani yake sauti ambazo mwandishi hakukusudia kuzipa nafasi kubwa.

Watu hao waliitwa Waungwana, nao wenyewe walijiita hivyo. Lakini uungwana wao ulikuwa na historia ndefu. Baadhi yao walikuwa wamezaliwa bara, wakaletwa Unguja wakiwa watumwa, wakapewa majina mapya. Majina yenyewe ni ushahidi: Feruzi ni jina la jiwe la thamani, Marzuku ni aliyeruzukiwa, Baraka na Mabruki ni majina ya heri ambayo bwana alimpa mtumwa kwa kutazamia heri yake mwenyewe. Kalulu, kijana ambaye Stanley alimchukua hadi Uingereza, na aliyehudhuria mazishi ya Livingstone mjini London mwaka wa 1874, hakuzaliwa na jina hilo. Jina lake la kwanza lilikuwa Ndugu Mhali.

Mwisho wa Desemba 1876 msafara uliteremka mtoni ukiwa na watu wapatao 150, mitumbwi zaidi ya ishirini na mashua moja, *Lady Alice*, iliyoundwa Uingereza kwa vipande vya kufunguliwa na kubebwa mabegani. Mitumbwi hiyo ilikuwa ya gogo, na mingi ilinyang'anywa wenyeji wa kingo za mto usiku. Jambo hili halifai kupitwa upesi: chombo kilichochongwa na watu wa mto kwa maji wanayoyajua kilitiwa mikononi mwa watu wengine, kikapelekwa kwenye maji ambayo wenye chombo wasingethubutu kukipeleka.

Katika maporomoko ya Boyoma, Januari 1877, hatari ilijitokeza waziwazi. Mtumbwi mmoja ulipasuka, na Zaidi akabaki amekalia kipande kilichokwama katikati ya poromoko. Kamba zilizotupwa kumfikia zilikatika. Ndipo Uledi, mshika usukani wa mashua, pamoja na Marzuku, wakajitolea kumwendea kwa mtumbwi ulioshikwa kwa kamba za henzirani. Wakamfikia, kamba zikakatika tena, na wote watatu wakalala juu ya mwamba katikati ya mto hadi kesho yake. Stanley mwenyewe anakiri kwamba Uledi aliwaokoa watu kumi na watatu wasizame katika safari ile. Hata hivyo, mtu huyo huyo alipoonekana ameiba ushanga wakati wa njaa, ilitolewa hukumu ya kumchapa, hata nduguye na binamuye wakajitokeza kuigawana adhabu hiyo pamoja naye.

Swali kubwa zaidi, hata hivyo, linahusu maji yaliyo chini ya Malebo, ambako msafara ulifika katikati ya Machi. Toka Malebo hadi Matadi, mwendo wa kilomita zipatazo 350, mto unashuka karibu mita 270 kwa mfululizo wa maporomoko, ukipita katika magenge membamba na maji yanayofikia wastani wa mita za ujazo 41,000 kwa sekunde. Wenyeji waliyajua haya zamani. Wabobangi walileta pembe za ndovu kwa mitumbwi mpaka Malebo. Hapo Wateke wakazipokea, na toka hapo mali ilikwenda pwani kwa miguu, mabegani mwa wapagazi. Kwa wafanyabiashara wa Kongo mto ulikoma kuwa njia pale Malebo. Biashara nzima ilijengwa juu ya ujuzi huo, nao ni ujuzi usiopungua ramani yoyote.

Stanley alikuwa na ramani ya Tuckey, nahodha Mwingereza aliyepanda mto huo toka baharini mwaka wa 1816, naye alidhani kwamba maporomoko yaliyosalia ni machache. Akaamua kuvishika vyombo. Pale palipowezekana, mitumbwi iliteremshwa kando ya ukingo kwa kamba. Pasipowezekana, ilikokotwa nchi kavu juu ya magogo na matawi. Upondo haukufaa kitu, kwani kina hakikupimika. Kafi, kwa mtu aliyekwisha kutoka katika maji ya kandokando, haikuwa na nguvu ya kushindana na mkondo. Zaidi ya hayo, Aprili na Mei ni miezi ambayo maji ya sehemu hiyo hupanda kwa mara ya pili katika mwaka, kwa hiyo msafara ulikuwa ukiteremka wakati mto unapanda.

Tarehe 29 Machi amri ilikuwa kuambaa na ukingo wa kulia. Mtumbwi mkubwa ulioitwa *Crocodile*, ambamo Kalulu alikuwa amejiingiza, ulichukuliwa na mkondo wa katikati, ukafika kwenye ukingo wa poromoko, ukazunguka, ukatumbukia. Muda mfupi baadaye mitumbwi mingine miwili ilichukuliwa vivyo hivyo. Baadhi ya watu waliodhaniwa wamekufa walirudi siku za baadaye; Kalulu hakurudi. Poromoko lile likapewa jina lake katika ramani ya Stanley.

Mitumbwi iliyopotea ilitafutiwa badala yake. Baada ya vyombo kupandishwa mlimani ili kulikwepa poromoko la Inkisi, miti mikubwa ilikatwa msituni na mafundi wa Unguja wakachonga mitumbwi mipya. Mmojawapo uliitwa *Livingstone*. Mwezi wa Juni, penye poromoko la Zinga, *Livingstone* uliponyoka kamba na kwenda na maji, naye fundi mkuu wa maseremala, mmoja wa walioujenga, alikuwa ndani yake. Hakujua kuogelea.

Siku ishirini hivi kabla ya hapo, tarehe 3 Juni, Frank Pocock, Mwingereza wa mwisho aliyebaki pamoja na Stanley, alizama penye poromoko la Masasa pamoja na watu wawili. Miguu yake ilikuwa na vidonda hata hakuweza kutembea, akashikilia kuteremka kwa mtumbwi. Kwa maelezo ya kitabu, Uledi alimwonya, na Pocock akawadhihaki mabaharia kwa woga hadi wakakubali. Lakini Stanley hakuwamo mtumbwini. Aliuona umepinduka toka mbali, kisha akaambiwa yaliyotokea na walionusurika, na walimwambia kwa Kiswahili. Kwa hiyo mazungumzo marefu ya Kiingereza yaliyomo kitabuni ni tafsiri ya ushahidi wa Waungwana, iliyopambwa kwa kiasi ambacho sasa hakipimiki. Yafaa msomaji akumbuke pia kwamba habari hiyo inamwondolea kiongozi lawama. Pengine ni kweli tupu. Ila imepitia kwa mtu mmoja, naye ana dau lake katika jambo hilo.

Mwisho wa Julai msafara ulifika Isangila, mahali alipofika Tuckey. Wenyeji wakasema Boma ni mwendo wa siku chache kwa miguu. Hapo ndipo mto ulipoachwa: *Lady Alice* ikapandishwa juu ya miamba, ikaachwa ioze juani, na watu waliodhoofika kwa njaa wakaishika njia ya nchi kavu. Boma walifika tarehe 9 Agosti. Njia hiyo ya wapagazi, waliyoikamata mwishoni, ilikuwako tangu siku walipotoka Malebo. Na Wabelgiji walipotaka kusafirisha mizigo baina ya Matadi na Malebo walijenga reli toka 1890 hadi 1898, wala hawakujaribu maporomoko.

Walionusurika walirudishwa Unguja kwa meli kupitia Cape Town, wakashuka mwishoni mwa Novemba 1877. Jamaa za waliokufa walikuja kupokea mishahara ya marehemu wao. Waliyosimuliwa siku hizo, kwa Kiswahili, juu ya Kalulu na juu ya seremala wa *Livingstone*, hayakupata mwandishi.