Kamituga, Mji Uliozaliwa na Dhahabu

Kutoka Bukavu, barabara ya taifa namba 2 inapanda milima kisha inateremka kuelekea msitu wa kabila la Walega. Baada ya kilomita 180 hivi unaingia Kamituga, katika eneo la Mwenga, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo. Mvua zikikaza, malori hulala kwenye tope na bei ya chumvi mjini hupanda.

Dhahabu ndiyo iliyouleta mji huu duniani. Katika miaka ya 1920 Wabelgiji wa kampuni ya MGL, iliyotokana na kampuni ya reli ya tajiri Édouard Empain, walianza kuchimba hapa. Zikafuata kambi za wafanyakazi na hospitali. Mwaka 1976 MGL ikaunganishwa na kampuni nyingine, ikawa SOMINKI, iliyochimba pia bati. Bei ya bati ilipoporomoka mwaka 1985, kampuni hiyo ikayumba, na vita vya miaka ya 1990 vikaimaliza.

Wachimbaji wadogo hawakungoja ife. Tangu mwaka 1982 sheria ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, iliwaruhusu raia kuchimba dhahabu, na vijana wakaingia milimani kwa nyundo, tindo na tochi za kichwani. Mpaka leo kila shimo lina mkuu wake, anayeitwa PDG kama mkurugenzi wa kampuni. Yeye hugharamia chakula, magogo ya kuegemeza kuta na mashine ya kuvuta maji, kisha mavuno yakipatikana hugawana na watu wake. Huenda miezi ikapita bila hata gramu moja, huku deni likikua. Nje ya shimo wanawake hutwanga mawe kuwa unga kwa ujira mdogo, vumbi likiwaingia mapafuni, na zebaki ya kunasia dhahabu hushikwa kwa mikono mitupu. Kazi yao ndiyo ninayoiona ngumu kuliko zote, na ndiyo inayolipwa vibaya kuliko zote.

Tarehe 11 Septemba 2020 mvua kubwa ilijaza maji mashimo ya machimbo yanayoitwa Detroit, hapa Kamituga. Viongozi walisema waliofariki ni watu 50 hivi, wengi wao vijana. Miaka mitatu baadaye, aina mpya ya homa ya nyani iligunduliwa mjini humu, ikasambaa kwa njia zilezile za wachimbaji na wafanyabiashara.

Dhahabu ya Kamituga imesafiri kwa takriban karne moja, ilhali sehemu kubwa ya barabara yake bado ni udongo. Serikali inayotoza kodi ya dhahabu hiyo iwajengee watu hawa barabara, kabla ya kutoa leseni nyingine yoyote.